Jina Lenye Mwenyewe

Evelyn alilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, amesimama katikati ya mibuni ya mama mkwe wake kule Kirua Vunjo, amejitanda kanga ya njano na ameipa nyumba mgongo.

"Leokadia! Njoo ule!"

Akageuka. Mama mkwe wake, Hilaria, alikuwa kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi, uso wake kama wa mtu aliyekosea kukanyaga ngazi.

"Leokadia ni nani, mama?"

"Nimesema Evelyn."

"Umesema Leokadia."

"Masikio ya mimba hayo," Hilaria alisema, akarudi jikoni. "Njoo, mtori unapoa."

Evelyn hakubishana, lakini jina lilimkaa. Alirudi nalo mjini, akawa analisema kimoyomoyo akisuka nywele za watu katika saluni ndogo ya mtaa wa Pasua alimofanya kazi na rafiki yake Loveness. Wateja walikuja na watoto mgongoni, na watoto wote walikuwa kina Brianna, kina Brielle, kina Ariana. Siku moja mama mmoja alimwita Brianna wake aliyekuwa akichezea chanuo mlangoni, wakageuka watatu.

"Wangu ataitwa Leokadia," Evelyn alisema siku hiyo.

Loveness aliacha kusuka. "Shoga, unamwonea mtoto. Hilo ni jina la bibi wa jumuiya, yule anayeanzisha rozari watu hawajakaa. Hilo jina lina miwani na mkongojo!"

"Na wao walikuwa watoto."

"Zamani hiyo! Mtoto wa leo atachekwa shuleni."

"Shuleni watajaa kina Brielle. Wangu akiitwa, atageuka peke yake."

Saluni nzima ilicheka, na kila mteja akatoa hukumu yake. Mmoja alisema majina ya zamani ni mazito, yanamzeesha mtoto. Mwingine alisema bora hayo, kuliko mtu kupewa jina la sabuni. Mume wa Evelyn, Jovin, aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki mtaa wa pili, alilipenda jina mara alipoambiwa. Alisema lina sauti ya kengele.

Mtoto alizaliwa mwezi wa sita, hospitalini pale Mawenzi, salama, msichana mwenye nywele nyingi na sauti ya kudai haki. Wodi nzima ilimjua kwa kilio chake. Hilaria alishuka kutoka mlimani na chupa ya mtori wa ndizi na nyama, akampokea mjukuu, akamfunua uso, akamnusa utosini, akacheka.

"Haya. Mgeni wetu anaitwa nani?"

"Leokadia," Jovin alisema.

Hilaria alimrudisha mtoto mikononi mwa mama yake polepole, kama mtu anayeweka chini chungu cha moto.

"Hilo hapana."

"Kwa nini, mama?"

"La zamani mno. Halimfai mtoto wa leo. Tafuteni lingine."

Jovin alicheka. "Wewe ndiye unayetusema kila siku kwamba majina yetu hayana maana."

"Basi mpeni hayo hayo yasiyo na maana. Mwiteni hata Brielle."

Kwa desturi ya ukoo, msichana wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba. Jovin akadhani amepata kiini cha kinyongo. Akamshika mama yake bega. "Tutamwita Leokadia Hilaria, yaishe. Majina yote mawili."

"Usiniunganishe naye," Hilaria alisema. Akachukua kikapu chake, akaondoka bila kungoja chupa.

Evelyn alisema moyoni kwamba huo ni wivu wa mama mkwe, na wivu wa mama mkwe hauna dawa ila kuzoeana. Alishika jina lake.

Baada ya muda mfupi alipandishwa Kirua kwa ajili ya uzazi, kama ilivyo kawaida, akae alishwe na kuogeshwa hadi apate nguvu. Hakuna alichokosa. Hilaria alimpikia mtori asubuhi na jioni, akamkanda kwa maji ya moto, akamfulia nepi kwa mikono yake. Baba mkwe, mzee Filbert, ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa miaka mingi kwa kelele za mashine ya mbao, alikuja mara kwa mara kumtazama mjukuu, anacheka bila sauti, anarudi kwenye ng'ombe wake. Kitu kimoja tu: Hilaria hakulitaja jina. Alimwita mtoto "mgeni". Mgeni amelala? Mgeni ameshiba?

Ilikuwa ile miezi ya baridi. Asubuhi jua lilitoka kidogo, na baada ya chakula cha mchana ukungu ulishuka kutoka msituni, ukaingia migombani, ukasimama hapo kama ng'ombe wa mtu mwingine.

Siku moja Evelyn alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anamwotesha mtoto jua la mwisho kabla ukungu haujafika. Mtoto alikuwa anasinzia. Evelyn akamchezea shavu.

"Leokadia," akaita kwa kuimba. "Leokadia wa mama!"

"Abee."

Sauti ilitoka chini, mwisho wa migomba. Sauti ya msichana, si mkubwa si mdogo, sauti tulivu ya mtu aliyeko kazini na akaitwa. Evelyn alidhani kuna mtoto wa jirani. Alisubiri atokee, hakutokea mtu. Alimbeba mtoto akashuka hadi kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Palikuwa na majani ya migomba yanayodondosha maji, na nyuma yake ukingo wa korongo ambako hakuna nyumba.

Hakumwambia mtu. Angesema nini?

Mara ya pili Hilaria alikuwapo. Walikuwa jikoni wote wawili, Hilaria anamenya ndizi, mtoto amelazwa kwenye kitanda cha kamba. Evelyn aliona miguu ya mtoto inatoka kwenye blanketi, akasema bila kufikiri, "Wewe Leokadia, utapata baridi."

"Abee," ilisema sauti nje, kando ya mfereji wa maji.

Evelyn alimtazama mama mkwe wake. Hilaria hakuinua kichwa. Kisu kiliendelea kumenya, ganda likaanguka, ndizi ikaingia kwenye maji. Lakini alipomaliza ile ndizi aliokota nyingine iliyokwisha kumenywa, akaanza kuimenya tena.

"Mama, umesikia?"

"Upepo."

"Upepo unasema abee?"

"Evelyn, mwanangu, nakuomba. Usimwite mtoto huyu kwa jina ukiwa huku. Ukirudi mjini utafanya utakalo."

Evelyn alitii siku hiyo. Lakini jina la mtoto haliko kinywani mwa mama peke yake. Jumamosi Jovin alipanda na pikipiki, na kama waume wote walivyo mtoto wa kwanza akizaliwa, alikuwa amependa sana kumwita mkewe kwa jina jipya. Akiwa bado getini alipaza sauti, "Mama Leokadia!"

Evelyn alikuwa chumbani, ananyonyesha. Kabla hajafungua kinywa alisikia jibu, karibu na banda la ng'ombe: "Abee."

Jovin aliingia amebeba nyanya na sabuni, uso umejaa furaha. "Mmepata dada wa kazi? Nani huyo ameniitikia kule bandani?"

"Umemwona?"

"Sijamwona, kuna ukungu. Nimesikia tu." Alipomwona mkewe uso, akaweka mfuko chini. Akatoka. Alizunguka banda, akazunguka jiko, akaita "Dada? Dada!" na hakuna aliyejibu. Aliporudi alikuwa ananong'ona. "Hakuna mtu. Ng'ombe wote wamesimama wanatazama upande mmoja."

Jambo lililomtisha Evelyn zaidi halikuwa sauti. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Yule msichana aliyeijaza wodi kwa kelele sasa aliamka kimya, akanyonya kimya, akalowa akakaa na unyevu wake. Majirani walimsifu. Mtoto mpole! Evelyn alimpeleka zahanati, nesi akampima uzito, akamtazama kinywa na masikio, akasema mtoto ana afya kabisa, mama ashukuru. Wakati wa sindano ya chanjo mtoto alifungua kinywa, akakunja uso wote, na hakikutoka kitu. Nesi mwenyewe alitulia kidogo kabla ya kufunga pamba.

Evelyn aliporudi alimkuta Hilaria anachambua mboga barazani. Hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Wamesema mzima. Mama, mtoto wangu anaitwa, na mwingine anaitika. Sasa naona na sauti yake imechukuliwa. Niambie Leokadia ni nani."

Hilaria aliangalia kwenye banda, alikokuwa mumewe. Kisha akasogea kwenye benchi, Evelyn akakaa.

"Ni wifi yangu," alisema. "Dada yake Filbert, mdogo wake wa mwisho."

"Jovin anasema baba yake hakuwa na dada."

"Jovin ameambiwa hivyo. Wote waliozaliwa baada ya hapo wameambiwa hivyo." Alikuwa amezishika zile mboga bila kuzichambua. "Nilipoolewa hapa nilikuwa msichana mdogo, sijui mtu. Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera, wanaume wengi hawapo. Yeye ndiye alikuwa mwenzangu. Tulilala chumba kimoja, tulikwenda majani pamoja. Mama yake alijivunia kitu kimoja kwake: hakuitwa mara mbili. Ukisema Leokadia, hata akiwa wapi, anaitika. Masista walikuwa wamemfundisha hivyo."

Siku hiyo, Hilaria alisema, walipanda kukata majani ya ng'ombe pembeni mwa msitu. Ukungu ukashuka ghafla, mzito, mtu haoni mundu wake. Wao walikuwa wameuzoea. Walifanya kama walivyofanya siku zote, wakawa wanaitana ili wasipotezane.

"Mimi naita, yeye anaitika. Naita, anaitika. Nikafunga mzigo wangu. Nikaita tena, akaitika, lakini juu zaidi. Nikamwambia shuka, tunaondoka. Akasema abee. Nikaita, akaitika, juu zaidi. Hakuogopa, Evelyn. Kama angepiga kelele ningejua la kufanya. Aliitika tu, vizuri, kwa adabu, na kila mara yuko mbali."

Watu walikwenda kumtafuta, kijiji kizima na mbwa wao. Wote walimsikia. Kila aliyeita, aliitikiwa. Walifuata sauti hadi ikawapitisha mito na mabonde, na hawakukuta hata kanga yake ya njano. Mjomba mmoja aliifuata akaanguka korongoni, akavunjika mguu. Kisha sauti ikaanza kusikika hata na watu waliokuwa nyumbani kwao. Mama yake alikuwa anakaa hapa nyuma ya jiko anaita, na mtoto anaitika kutoka msituni, na mama anaita tena, hali wala halali.

"Baba mkwe aliona tutapotea wote. Akatukusanya, akasema jina hili lisitamkwe tena katika kihamba hiki. Asiyeitwa haitiki. Na kweli, tukanyamaza, naye akanyamaza."

"Hamkumzika?"

Hilaria alimtazama kwa mshangao. "Utamzikaje mtu anayeitika?"

Mtoto alikuwa mgongoni mwa Evelyn, macho wazi.

"Ndiyo maana nilikwambia halimfai," Hilaria alisema. "Loveness wenu anasema ni jina la kizamani. Majina ya kizamani wenyewe wamelala, mtu anaweza kuyachukua. Hili lina mwenyewe. Bado analitumia."

Jovin alipoelezwa hakutaka kusikia zaidi. Alisema jina libadilishwe siku hiyo hiyo, mtoto aitwe Hilaria, kama desturi ilivyotaka tangu mwanzo. Walifanya hivyo. Walimwita Hilaria asubuhi, wakamwita Hilaria mchana, bibi mwenyewe akamwita jina lake kwa sauti ya kubembeleza. Mtoto hakugeuza kichwa. Hakulia. Sauti ya nje nayo haikusikika, na kwa siku kadhaa Evelyn alijilazimisha kuamini kwamba imekwisha.

Kisha ikaja asubuhi moja, jua limetoka, Evelyn anatandika kitanda na mtoto amelala katikati ya mito. Hapakuwa na aliyesema neno. Redio ilikuwa imezimwa. Nje, chini ya dirisha, karibu kiasi kwamba ilionekana kama ingegusa kioo, sauti ikasema:

"Abee."

Evelyn alibaki na shuka mkononi. Hakuuliza ni nani aliyeitika, hilo alilijua. Alijiuliza ni nani aliyeita. Akageuka. Mtoto alikuwa ameamka, ametulia kabisa, anaangalia dirishani, na midomo yake midogo ilikuwa inafumbana polepole, kama ya mtu aliyemaliza kusema.

Alimkuta Hilaria jikoni. "Mama, mwanzo alikuwa mwisho wa migomba. Halafu mferejini. Halafu bandani. Leo yuko dirishani kwangu. Haendi mbali tena. Kila akiitwa, anasogea."

"Ndicho ninachoogopa."

"Mimi pia naogopa. Lakini anasogea kwenda wapi? Hapa si kwao?"

Hilaria alisogeza kuni mekoni.

"Ulisema mlipomwita, alikuwa anapanda," Evelyn alisema. "Sasa anashuka. Pengine hata wakati ule alikuwa ameshageuka, yuko njiani, nanyi mkanyamaza. Amesimama huko miaka yote anangoja aitwe, kwa sababu alifundishwa kwamba mtu huja akiitwa. Sasa ameitwa tena, na mtoto wangu ndiye anayemwita. Tumwite sisi, mama. Tumwite hadi afike, mwanangu aachwe."

"Na akifika? Unajua ni nini kitakachofika?"

"Sijui."

Hilaria alipangusa mikono kwenye kanga yake kwa muda mrefu. "Mimi sitaweza," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyeita mara nyingi kuliko wote siku ile. Na asimwite mtu asiye wa damu. Amwite Filbert, kaka yake."

Kumweleza mzee Filbert ilibidi wapaze sauti sikioni mwake, na hawakuweza kulitaja jina, kwa hiyo ilichukua muda. Alielewa kabla hawajamaliza. Aliuliza swali moja tu: je, anaitika bado kwa adabu? Hilaria akainamisha kichwa kukubali. Mzee akavua kofia, akaishika mapajani, akalia bila kujificha.

Walimpigia Jovin simu apande. Alifika baada ya chakula cha mchana, ukungu ukiwa umeshaanza kuingia kihambani. Alitaka kumshusha mtoto mjini kwanza. Evelyn alikataa, aliona wazi kwamba sauti ingemfuata mtoto huko, hata Pasua katikati ya wachuuzi. Alimfunga mgongoni kwa kitenge, akafunga na kingine juu. Hilaria aliacha mlango wa mbele wazi, akapakua bakuli la mtori, akaliweka juu ya meza ndogo sebuleni pamoja na kijiko. Wote wanne wakasimama humo ndani, wameangalia mlango uliojaa weupe.

Mzee Filbert alivuta pumzi. Miaka mingi hakuwa amelitamka lile jina, na lilipotoka mara ya kwanza lilitoka kama kikohozi. Akajaribu tena.

"Leokadia!"

"Abee." Migombani, mbali kidogo.

"Leokadia, njoo nyumbani!"

"Abee." Kwenye mibuni.

Jovin alimshika mama yake. Mzee hakuwa amesikia, alikuwa anatazama midomo yao, na walipomwashiria kwamba ameitika, aliendelea. Aliita kama wanavyoita kaka, kwa amri na kwa mapenzi. Sauti ikapita bandani, ng'ombe wakafanya kishindo cha kurudi nyuma wote kwa pamoja. Ikapita jikoni. Ikafika barazani, ikasema abee hapo, karibu na viatu vyao, na hapakuwa na mtu.

"Ingia," mzee alisema.

Baridi ikaingia. Pamoja nayo ikaja harufu ya majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi. Kisha Evelyn akahisi kitenge kinamkaza kifuani. Mtoto mgongoni alikuwa anaongezeka uzito. Ulikuwa kwanza uzito wa mtoto wa mwaka, kisha wa mtoto wa shule, kisha magoti yake yakaanza kukunjika na ikabidi ashike meza. Pumzi ndefu, si ya mtoto mchanga, ilikuwa inapita nyuma ya sikio lake. Alitaka kupiga kelele na alijua kwamba akipiga kelele Jovin atakimbilia kufungua kitenge, na hakujua kitakachoanguka.

"Baba," alisema, kwa sauti ndogo ambayo mzee asingeweza kuisikia. "Yuko mgongoni kwangu."

Lakini mzee Filbert, ambaye kwa miaka walizoea kumpigia kelele hata kumkaribisha chakula, alikuwa amekwisha kugeuza kichwa. Alikuwa anasikiliza kitu. Uso wake ulilegea.

"Shuka, Leokadia," alisema taratibu. "Huyo amezaa juzi, hawezi kukubeba. Umechoka, najua. Shuka, ukae. Hapa ni nyumbani. Hakuna anayekwenda mahali."

Uzito haukupungua.

"Umechelewa, lakini chakula chako kipo," Hilaria alisema, na hapo ndipo naye alipoanza kulia. "Kaa, wifi yangu. Kaa ule."

Kijiko kiligonga ukingo wa bakuli, mara moja, kidogo. Uzito ukatoka mgongoni kwa Evelyn ghafla hivi kwamba alipepesuka mbele, na mtoto akapiga yowe. Alilia kilio chake chote cha majuma yale, kilio cha njaa, cha baridi, cha sindano ya chanjo, hadi majirani wakatoka getini kuuliza kuna nini. Jovin alimfungua akamtazama kila kidole. Alikuwa mwekundu, amelowa, ana hasira, na mwepesi kama anavyopaswa kuwa.

Mtori ulikaa mezani hadi asubuhi. Ulikuwa umeganda na haukupungua. Hilaria aliumwaga nje, kuku wakaula kama kawaida.

Padri alisikiliza habari hiyo akiwa amekunja mikono. Hakusema anaamini wala haamini. Alisema kwamba mtu aliyekufa anastahili misa, hata akichelewa. Misa ilisomwa, na katika kihamba, kati ya kaburi la baba yake na la mama yake, walisawazisha udongo wakasimika msalaba na kupanda masale, mmea wa amani na msamaha. Wazee wachache waliokuwa wakimkumbuka walikuja. Walipolisikia jina likitajwa mbele ya watu walisita, wakatega masikio kuelekea msituni. Hapakuwa na kitu, isipokuwa maji ya mfereji.

Suala la jina la mtoto lilikuwa bado. Jovin alisema liachwe, waendelee na Hilaria. Hilaria mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema sasa jina limelala, ni kama majina mengine ya zamani, anayelipenda achukue, na kwamba Evelyn alilipenda kabla ya mtu yeyote. Evelyn aliomba kwanza ruhusa ya mzee. Kisha mtoto akabatizwa Leokadia, katika kanisa lililojaa, na akalia tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho, na Evelyn hakumbembeleza.

Huko Pasua Loveness bado anasema jina ni zito. Humwita mtoto Kadi. Hilaria hushuka mara kwa mara na ndizi, na kila anapomwita mjukuu kwa jina kamili hunyamaza kidogo baada yake, hata sasa, kisha ndipo huendelea na maneno mengine.

Mzee Filbert amehamishia kiti chake kando ya masale. Kila asubuhi, akishamaliza kuwalisha ng'ombe, hukaa hapo na kumsimulia dada yake mambo yaliyotokea tangu alipoondoka: nani aliolewa wapi, nani alikufa, barabara ya lami ilivyofika, theluji ya mlima ilivyopungua. Hasimulii haraka. Evelyn alipopanda mwezi uliopita alimkuta katikati ya habari ya mwaka fulani ambao ugonjwa uliua mibuni, anaeleza shina kwa shina, na kila baada ya maneno machache anainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza.

Mzee aliporudi ndani, Evelyn alimuuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anataka chai sasa au baadaye.

"Nini?" mzee alisema, akaweka mkono sikioni. "Sema kwa nguvu, mwanangu. Sisikii."